Peleti, maranda, mzabibu au mkaa: moshi upi uguse nyama yako?

Mfuko ulioandikwa "peleti za mbao" unakuambia jambo moja tu: ndani yake kuna unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vijiti vifupi. Haukuambii unga huo ni wa mti gani, wala mbao zake zilipakwa nini kabla hazijasagwa. Kwa mama anayechemsha maharage hilo si kubwa, kwa kuwa moshi unapita nje ya sufuria. Kwa anayechoma mbuzi juu ya wavu au kubanika kambale wa Mtera, ndilo swali la kwanza kabisa, maana hapo moshi ni kiungo kama chumvi. Unaingia kwenye nyama na unaliwa.

Dodoma swali hili linazidi kuja kadiri mkaa wa miti unavyobanwa. Taasisi zenye watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi mwaka 2034 utakapofika. Mkaa mbadala na peleti vinatangazwa kila mahali, na mchoma nyama anaona mfuko nadhifu, bei inaeleweka, moto unawaka vizuri, basi anamwaga chini ya wavu. Peleti nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya jiko la sufuria. Kuna peleti nyingine, za chakula, zilizokuja na majiko ya kuchomea ya peleti yaliyoanzia Marekani katikati ya miaka ya 1980. Kwa macho zinafanana. Nianze na hizo mbili, kwa sababu kosa la kuzichanganya ni rahisi sana kulifanya.

Peleti za chakula na peleti za jiko

Zote mbili huzaliwa kwa njia moja. Unga mkavu wa mbao unasukumwa kwa nguvu kwenye matundu ya chuma, mara nyingi ya milimita 6 au 8. Msuguano unaleta joto, joto linalainisha lignini, yaani gundi ya asili iliyomo ndani ya kila mti, na ikipoa inaushika unga pamoja. Kwa hiyo peleti nzuri haihitaji gundi ya dukani. Ukiambiwa "tumeweka gundi kidogo ishike vizuri", uliza gundi gani, na kama jibu si wanga wa chakula, acha.

Tofauti ipo kwenye malighafi. Peleti ya jiko inapimwa kwa joto na majivu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17225-2, kwa daraja la juu la A1, kinataka unyevu usiozidi asilimia 10, majivu yasiyozidi asilimia 0.7 na viungio visivyozidi asilimia 2. Ni kiwango kizuri, ila kilitungwa kwa ajili ya majiko ya kupasha nyumba joto na mitambo ya moto. Hakizuii msonobari, na hakuna mahali kinapouliza kama moshi utagusa mnofu. Sasa fikiria unga wa mbao unaopatikana kwa wingi huku kwetu unatoka wapi. Mbao nyingi za kuezekea zinapanda kutoka Mufindi, kwenye mashamba kama Sao Hill, na huko miti mikuu ni msonobari na mkaratusi. Msonobari una ulimbo mwingi. Ukiungua nusunusu unatoa moshi mweusi mzito unaopaka masizi kwenye nyama na kuacha uchungu unaokaa mdomoni. Mkaratusi una mafuta yenye harufu ya dawa ya kifua. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili ambao ningeuweka chini ya kuku.

Peleti ya chakula hutengenezwa kwa mbao ngumu peke yake, na mtengenezaji mwaminifu anautaja mti: mwaloni, mtufaha, mcheri, hickory, mesquite. Hapa soma lebo polepole. "100%" pamoja na jina la mti maana yake mti huo mtupu. Neno linalomaanisha mchanganyiko likifuata jina la mti, mti uliotajwa unaweza kuwa kidogo tu na kilichobaki ni mwaloni au mti mwingine usio na ladha kali. Mchanganyiko wenyewe hauna ubaya kiafya, na kuna watengenezaji wanaofanya hivyo kwa makusudi ili moto uwe thabiti. Tatizo ni mfuko unaotaja "ladha" bila kutaja mti. Huo huenda umenyunyiziwa mafuta ya harufu, na mimi siununui.

Mesquite ni mti wa jamii ya kunde, jamii ileile ya migunga yetu. Anayelipa pesa nyingi kuagiza ladha ya mesquite kutoka ng'ambo ana ndugu yake wa karibu amesimama nyuma ya nyumba pale Chamwino.

Ukishaufungua mfuko, kuna vipimo vya mkono. Peleti nzuri uso wake unang'aa kidogo kama uliopigwa pasi. Ukiivunja inakatika kwa mlio, haipindi wala haibomoki kama keki kavu. Unga uliobaki chini ya mfuko uwe kidogo. Inuse: iwe na harufu ya mbao, isiwe ya rangi, ya mafuta ya mashine wala ya uvundo. Kisha tumbukiza chache kwenye glasi ya maji. Katika dakika chache zinapaswa kuvimba na kurudi kuwa unga. Zikikaa ngumu majini muda mrefu, kuna kitu kimeongezwa kuzishikanisha.

Vipimo hivyo vinakuonyesha ukavu na gundi. Havionyeshi sumu. Unga wa nguzo iliyotiwa dawa ya mchwa utang'aa, utakatika kwa mlio na utayeyuka majini sawasawa na unga wa mwaloni. Ndiyo maana nasisitiza asili ya mbao kuliko uzuri wa peleti. Asipoweza muuzaji kukuambia unga ulitoka kiwanda gani na ni wa mti gani, mfuko huo ufae kuchemshia maji.

Maranda ya kwa fundi

Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Tangu serikali ihamie Dodoma ujenzi haujatulia, na kila mtaa una karakana yenye rundo la maranda mlangoni. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo fundi. Haya maranda ni ya mbao gani?"

"Marahaba mwanangu. Mchanganyiko tu. Mninga upo, msonobari upo, na juzi tulikata makabati."

Neno "makabati" linatosha kukurudisha nyumbani. Makabati ya siku hizi ni MDF, chipubodi na plaiwudi, na vyote hivyo vimeshikanishwa kwa gundi, nyingi zikiwa na fomaldehaidi. Vikiungua vinatoa moshi usiofaa hata kuvutwa, sembuse kuliwa. Humohumo rundoni kuna vumbi la msasa lenye vanishi. Na fundi hajakudanganya. Amekuambia ukweli wote katika sentensi moja, kazi yako ni kuusikia.

Hatari kubwa zaidi ni mbao na nguzo zilizotiwa dawa. Dawa inayotumika sana duniani kwa nguzo na mbao za nje ni mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki. Mbao ikiwa mpya huwa na rangi ya kijani hafifu, lakini ikipigwa jua miaka michache kijani kinapotea na inaonekana kama mbao yoyote kuukuu. Ukiichoma, sehemu ya aseniki inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Nguzo nyeusi zenye harufu ya lami zimelowekwa kreosoti, nazo ni hivyohivyo: hazina nafasi karibu na chakula, hata kipande cha kuwashia.

Paleti za mizigo, zile fremu za mbao zinazobebea shehena, zinauzwa sana kama kuni. Zile za safari za kimataifa hupigwa mhuri wenye alama ya suke la ngano. Herufi HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, na MB maana yake ilifukizwa methili bromaidi, ambayo ni sumu. Ya MB iache. Ya HT haina dawa ya kufukizia, lakini huwezi kujua kitu gani kilimwagikia juu yake njiani: dawa ya mimea, mafuta, rangi. Paleti ifanyie benchi la kukalia.

Kama una fundi anayekata aina moja ya mbao ngumu, isiyotiwa dawa, na anakubali kukuwekea maranda yake kwenye gunia la peke yake kabla hajafagia, hapo unaweza kuzungumza. Rundo la mlangoni, hapana.

Mzabibu, mali iliyo mlangoni petu

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu wa Dodoma wasimame kidogo. Kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye nchi ya mvinyo ya Bordeaux, nyama ya ng'ombe huchomwa juu ya vijiti vya mzabibu vilivyopogolewa, na watu wanaihesabu kuwa fahari ya mkoa wao. Sisi tuna mashamba ya zabibu Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na Makutupora, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila msimu mkulima anapogoa. Vijiti vinarundikwa pembeni mwa shamba na kuchomwa bure.

Vijiti vya mzabibu vinawaka haraka na kwa ukali, moshi wake ni mwepesi wenye harufu tamu kidogo, na unaikubali sana nyama ya mbuzi na kuku. Kwa kubanika kwa saa nyingi tafuta vigogo vya mizabibu mizee iliyong'olewa, vinene kama mkono, maana vijiti vinaisha upesi. Na kwa kuwa ni mabaki ya shamba, hakuna mti unaokatwa kwa ajili yako. Kwenye nchi inayopata mvua ya milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, mimi jambo hilo nalipa uzito mkubwa.

Lakini mzabibu una masharti yake. Mizabibu inapigwa dawa, hasa salfa kwa ubwiri unga na dawa za shaba kwa ubwiri vinyoya, na wapo wanaopulizia dawa za wadudu. Muulize mkulima alipuliza nini na lini mara ya mwisho. Chukua mbao nene kuliko vijiti vichanga, bandua gamba linalotoka lenyewe, acha majani yote shambani. Kausha mahali penye hewa msimu mzima wa kiangazi. Mti mbichi nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na maji hayo ndiyo yanayoleta moshi mweupe mzito unaochachusha nyama. Kiangazi chetu cha kuanzia Mei hadi Novemba kinafanya kazi hiyo bila gharama. Jambo la mwisho: usiokote nguzo za shambani ukadhani ni sehemu ya mzabibu. Nyingi ni za dawa.

Miti mingine, kwa kifupi

Mkwaju na mgunga mkavu vinatoa moto mzito wa kudumu na moshi wa wastani. Mpera na mchungwa ni laini kwa samaki na kuku. Magunzi makavu ya mahindi, ambayo Kibaigwa hayajawahi kuadimika, yanatoa moshi mtamu mwepesi na yanafaa kuongezwa juu ya makaa kwa dakika chache.

Minyaa, ile inayozungushiwa maboma, isikaribie moto wa chakula. Utomvu wake unachoma macho na ngozi, na moshi wake unawasha. Mwembe na mkorosho ni wa jamii moja yenye utomvu unaowasha, na moshi wa mwembe unaweza kukera macho na kifua, kwa hiyo mimi nauacha ingawa wapo wanaoutumia. Maganda ya korosho ndiyo kabisa, mafuta yake ni makali. Mwarobaini watu wanachoma majani yake kufukuza mbu, na uchungu huo hauna kazi kwenye nyama. Peleti za makapi ya alizeti zinawaka vizuri lakini zina majivu mengi kuliko za mbao, yanapeperuka na kutua kwenye chakula.

Mkaa, na mkaa mbadala

Mkaa wa mgunga umekwisha kuchomwa mara moja, mvuke na ulimbo vimeshatoka, ndiyo maana hautoi moshi mwingi. Kwa usalama wa moshi peke yake, mkaa ulioiva sawasawa ni chaguo zuri kuliko peleti za jiko na maranda. Udhaifu wake ni misitu, na ladha: mkaa unatoa joto, hautoi harufu ya mti.

Mkaa mbadala unahitaji swali moja: umetengenezwa na nini? Ule wa vifuu, pumba au vumbi la mkaa ulioshikanishwa kwa wanga unaweza kuchomea nyama. Ule wa makaa ya mawe uuache kwenye sufuria. Makaa ya mawe yana salfa na mengine yasiyotakiwa kugusa chakula kilicho wazi.

Hata hivyo mti safi hautoshi. Moshi wowote wa kuni una kemikali za kundi la benzopaireni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka Kundi la 1, yaani inasababisha saratani kwa binadamu. Tangu Septemba 2014 Ulaya hairuhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzopaireni kwenye kilo ya nyama au samaki wa moshi. Chanzo kimojawapo ni mafuta ya nyama yanayodondokea makaa na kurudi juu kama moshi mweusi. Subiri miali ilale, sogeza nyama pembeni ya makaa badala ya juu yake, punguza mafuta ya nje. Na usiwashe mkaa kwa kipande cha tairi, nailoni au mafuta ya taa. Nimeona mchomaji aliyechagua mkaa kwa uangalifu mkubwa akiuwasha kwa kandambili iliyokatika. Tumia magunzi au vijiti vikavu. Na mkaa wowote, wa mgunga au mbadala, usiuwashe chumbani kulikofungwa, kwa sababu hewa yake ya kaboni monoksaidi inaua bila harufu.

Nani achague nini

Mwenye banda la nyama choma kwenye mnada kama wa Msalato hahitaji jiko la peleti. Anahitaji joto la haraka kwa watu wengi, kwa hiyo mkaa mzuri, na vigogo viwili vitatu vya mzabibu kwa ladha. Wavu wake na pipa lake navyo avitazame: pipa lililokuwa na kemikali halisafishiki kwa kuchomwa mara moja, na bati la kuezekea lina zinki ambayo ikipata moto mkali inatoa mvuke unaoumiza mapafu.

Anayebanika samaki Mtera au Bahi atenganishe moto na moshi. Kwanza mnofu uive na kukauka juu ya makaa yasiyo na moshi, halafu dakika za mwisho ndipo moshi wa rangi na ladha uingie. Ndivyo linavyofanya kazi tanuri la FTT-Thiaroye, lililobuniwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na chuo cha uvuvi nchini Senegal mwaka 2008, na wazo hilo unaweza kulitumia hata kwenye tanuri la udongo. Mti hapo uwe mpera, mchungwa au mzabibu, mkavu.

Mwenye mgahawa anayetaka nyama ya moshi inayobanikwa kwa muda wa saa nane, kwa joto lisilopanda wala kushuka, jiko la peleti litamfaa kweli. Skrubu ndefu inayozunguka inalisha peleti yenyewe, feni inasukuma hewa, kipimajoto kinaamua. Ila linakula umeme tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi awe na betri au jenereta. Kwa moto mdogo litakula takribani nusu kilo hadi kilo moja ya peleti kwa saa, na hizo lazima ziwe za chakula. Peleti azimimine kwenye ndoo yenye mfuniko. Masika yakianza, mfuko uliofunguliwa unavuta unyevu, peleti zinavimba na kuziba mtambo.

Kwa mpishi wa nyumbani, ningependekeza njia ya katikati: joto litoke kwenye mkaa, moshi utoke kwenye bomba dogo la chuma cha pua lenye matundu, lililojazwa peleti za chakula. Unawasha ncha moja, unaacha miali iwake dakika kama kumi, unazima miali, na linafuka taratibu kwa muda wa saa tatu au nne bila umeme. Mfuko mmoja wa kilo tisa unakwenda mbali sana namna hiyo, na bei yake haiumi tena. Bomba lisiwe la maji, lile limepakwa zinki.

Majivu nayo yana uchaguzi wake. Majivu ya mzabibu, mgunga au peleti za chakula yanafaa shambani kwa kiasi, na wanaohifadhi mbegu za kunde kwa majivu wanaweza kuyatumia. Majivu ya mbao usiyoijua asili yake yasiende bustanini, yasichanganywe na mbegu, na mbuzi wasiyalambe. Yafukie mbali na kisima.